Maswali ya Wasomaji: Kibandiko cha Onyo Kikikosekana, Ndege Iruke au Ikae?

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: maagizo ya lazima yanayomtaka mwenye ndege akague kama vibandiko vya onyo vipo mahali pake na vinasomeka. Maagizo hayo mafundi huyaita AD. Hutolewa na mamlaka ya nchi ilikobuniwa ndege, kwa mfano FAA ya Marekani kwa Cessna na EASA ya Ulaya kwa Airbus, kisha hupokewa na mamlaka ya nchi ilikosajiliwa ndege. Ndiyo maana karatasi iliyoandikwa Marekani inaweza kuisimamisha ndege yenye alama ya 5H ya Tanzania au 5Y ya Kenya ubavuni. Tumejibu barua tisa.

Fundi wetu amekataa kuisainia Cessna 206 yetu baada ya ukaguzi wa mwaka, eti kwa sababu ya kipande cha plastiki kilichobanduka karibu na mlango wa mizigo. Injini safi, matairi mapya, breki zinashika. Watalii wanasubiri. Hii si kukomoana? — Mwenye ndege, Arusha

Hapana, hakukomoi. Aina ya ndege inapopewa cheti cha kuidhinishwa, kinachoidhinishwa si bati na injini peke yake. Maneno ya kusomwa na rubani na abiria nayo yameidhinishwa: yana michoro, yana namba ya kipuri, na yamenakiliwa neno kwa neno kwenye kitabu cha rubani. Kwa Cessna nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1970, utayakuta Sehemu ya 2, ile ya mipaka ya uendeshaji. Kibandiko kilichotajwa humo kikikosekana, ndege haifanani tena na ile iliyopewa cheti. Kanuni ya Marekani namba 91.9 inamkataza rubani kuruka na ndege ya namna hiyo, na fundi anayesaini anatia leseni yake rehani.

Sheria tuiache hapo, tuutazame mlango wenyewe, maana 206 ndiyo mfano mzuri kuliko yote.

U206G na 206H zina mlango mmoja tu wa mbele, upande wa rubani. Abiria wa nyuma hutumia milango miwili ya mizigo upande wa kulia, inayofunguka kama ya kabati: bawaba za mlango wa mbele ziko mbele, za mlango wa nyuma ziko nyuma. Juu yake ipo flapu ya bawa la kulia, yaani ule ubao wa nyuma ya bawa unaoshushwa wakati wa kuruka na kutua. Flapu zikishushwa, mlango wa mbele wa mizigo hugota kwenye flapu na kubaki na upenyo wa sentimita chache tu. Mpini wa mlango wa nyuma nao umekaa kwenye ukingo wa mlango huo, na hauonekani mpaka mlango wa mbele uachie kidogo. Abiria asiyejua hilo atausukuma mlango wa mbele mara tatu, nne, aamini umekwama, basi.

Kibandiko cha dharura kinamwambia afanye hivi:

1. Zungusha mpini wa mlango wa mbele wa mizigo hadi mwisho kuelekea mbele, kisha hadi mwisho kuelekea nyuma.
2. Fungua mlango huo kadiri utakavyokubali.
3. Zungusha kuelekea mbele mpini mwekundu ulio kwenye mlango wa nyuma.
4. Sukuma kwa nguvu mlango wa nyuma mpaka ufunguke wote.

Hatua ya 3 haiwezi kukisiwa na mtu aliye gizani, kichwa chini, maji yakimpanda. Agosti 2018, katika ziwa Little Doctor kaskazini mwa Canada, Cessna 206 ya kutua majini ilipinduka ikiwa na watu 5, flapu zikiwa chini. Abiria 3 walikufa. Mwaka 2020 mamlaka ya Canada ikatoa agizo namba CF-2020-10 lililopunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kupanda ndege hizo, kwa sababu ya njia hiyo ya kutokea.

Kuna jambo jingine ambalo marubani wengi wa 206 hulisahau. Kwenye fremu ya mlango wa mbele wa mizigo ipo swichi inayokata umeme wa flapu mlango ukiwa wazi. Iliwekwa ili flapu zisishuke zikauponda mlango. Lakini maana yake ni kwamba, abiria akishaufungua hata kidogo, rubani hawezi tena kuzipandisha flapu ili kumpa nafasi. Anayetaka kuzipandisha azipandishe kabla mtu wa nyuma hajagusa mpini.

Kwa hiyo usiulize tu kama kibandiko kipo. Kaa kwenye kiti cha nyuma, funga mkanda, kisha jaribu kukisoma ukiwa hapo. Kama begi, pazia au mgongo wa kiti kilichoongezwa unakificha, hujamaliza ukaguzi. Mwombe fundi akupe namba ya kipuri kutoka kwenye katalogi ya ndege yako, uagize leo. Watalii wapande nyingine.

Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa ndege. Nimepewa AD ya kukagua vibandiko, kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria. Nianzie wapi? — Wilson, Nairobi

Anza na aya inayotaja ndege zinazohusika, usianze na kazi. Humo mna modeli na namba za utengenezaji. Namba hiyo isome kwenye kibao cha chuma cha utambulisho kilichopigiliwa kwenye ndege yenyewe, usiichukue kwenye faili wala kwenye cheti cha usajili. Makosa ya kunakili tarakimu moja ni ya kawaida mno, na tarakimu moja inatosha kukutoa nje ya orodha au kukuingiza.

Usidanganywe na mabadiliko yaliyofanyika. Ndege iliyobadilishwa viti au kuongezewa tangi bado inahusika. Sehemu ya 39 ya kanuni za Marekani inasema hivyo waziwazi. Kama mabadiliko yameondoa mahali pa kubandika, huruhusiwi kujiamulia kwamba agizo halikuhusu. Unaomba njia mbadala ya kulitimiza, na unasubiri jibu kwa maandishi.

Namba ya agizo nayo inasema kitu. Chukua 2011-10-09, lile la reli za viti vya Cessna. 2011 ni mwaka, 10 ni kipindi cha wiki mbili mbili ndani ya mwaka huo, na 09 ni agizo la tisa katika kipindi hicho. Angalia pia kama limefuta la zamani. Hilo la 2011 lilichukua nafasi ya 87-20-03, na utashangaa ni vitabu vingapi bado vinasainiwa kwa namba ya mzee.

Halafu muda. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Tuseme agizo linadai ukaguzi ndani ya saa 50 za kuruka au siku 90 tangu lianze kutumika, lolote litakalotangulia. Limeanza tarehe 1 Machi, ndege ikiwa na saa 4,312.6. Mwisho wako ni saa 4,362.6 au tarehe 30 Mei. Ndege ya safari inayoruka saa 20 kwa wiki itamaliza saa zake kabla ya wiki tatu kwisha. Ndege ya klabu inayoruka Jumapili tu itakamatwa na kalenda. Andika mipaka yote miwili ubaoni.

Saa zipi? Saa za kuruka maana yake ni tangu magurudumu yaache ardhi mpaka yaiguse tena. Mita inayoanza kuhesabu mara tu mgandamizo wa oili unapopanda huhesabu pia dakika za kutambaa kwenda njia ya kurukia. Ukitumia mita hiyo unajipunja, lakini hutavunja sheria. Hatari iko kwa anayechanganya: mwanzo kasoma mita moja, mwisho kasoma nyingine.

Mwisho kabisa ndiyo usome kazi yenyewe: ukague nini, wapi, ukikuta hakipo ufanye nini na kwa muda gani. Mengine yanataka kibandiko kiwekwe kabla ya safari inayofuata, mengine yanatoa nafasi. Usichukue nafasi ambayo hujapewa.

Kibandiko nimekikuta kipo na ni kizima. Si nimemaliza? Kwa nini tena niandike? — Fundi, Mwanza

Kwa sababu agizo lilidai ukaguzi, na ukaguzi usioandikwa ni kama haukufanyika. Ndege ikiuzwa, mnunuzi hataona macho yako, ataona kitabu. Andika namba ya agizo na ya marekebisho yake, aya uliyotimiza, njia uliyotumia, tarehe, saa za ndege, na kama ni la kujirudia, lini tena. Kwa mfano:

"12 Machi. Saa za ndege 4,331.0. Nimekagua kibandiko cha njia ya dharura kwenye milango ya mizigo kwa mujibu wa agizo namba fulani, aya ya (g). Kipo, kimeshika pande zote, kinasomeka, na maneno yake yanalingana na Sehemu ya 2 ya kitabu cha rubani. Agizo si la kujirudia. Limefungwa." Kisha jina, namba ya leseni, sahihi.

"AD zote zimekaguliwa, ziko sawa" ni sentensi ya mvivu. Haimsaidii mkaguzi, na siku ya ajali haikusaidii wewe.

Ndege iko Songea, kibandiko hakipo na muda wa agizo umekwisha jana. Hanga letu liko Dar es Salaam. Turuke tu polepole bila abiria? — Msimamizi wa safari

Msiruke kwa kujiamulia. Ombeni kwa mamlaka kibali maalumu cha kuihamisha ndege, na subirini masharti yake: aghalabu rubani peke yake, mchana, hali ya hewa nzuri. Soma pia agizo lenyewe, maana mengine hukataza kibali hicho. Kwa kibandiko, mara nyingi ni nafuu zaidi kumpandisha fundi basi akiwa na bahasha mkononi.

Duka la matangazo hapa kwetu linachapa stika nzuri kuliko za kiwandani, kwa bei ya soda mbili. Naweza kuchapisha mwenyewe? Nimeshapiga picha vibandiko vya ndege ya jirani. — Mwanachama wa klabu, Dar es Salaam

Swali lako lina mawili ndani yake, na la picha ndilo baya zaidi.

Vibandiko vya ndege mbili zinazofanana kwa rangi na umbo vinaweza kuwa na tarakimu tofauti. Cessna 172N ina kibandiko cha mizigo kinachosema ratili 120 mbele ya kitasa cha mlango wa mizigo, ratili 50 nyuma yake, na jumla isizidi 120. Hiyo ni kilo 54 na kilo 22.7. Kile kikomo cha nyuma ni kidogo kwa sababu kila kilo inayowekwa huko iko mbali na kitovu cha uzito, inavuta mkia chini. Ukinakili kutoka kwenye ndege ya mwaka mwingine au modeli nyingine, utakuwa umebandika uongo uliochapwa vizuri. Chanzo cha maneno ni kitabu cha rubani cha ndege yako, chenye namba yako ya utengenezaji kwenye jalada, pamoja na maagizo na nyongeza zake.

Kuhusu kuchapisha: soma agizo. Yapo yanayodai kipuri cha kiwandani kwa namba yake. Yapo mengine, hasa ya zamani, yanayosema wazi kwamba kibandiko kinaweza kutengenezwa hangani, na yanatoa maneno kamili na kimo cha herufi, mara nyingi kisichopungua inchi 1/8, yaani milimita 3.2. Hayo yanakuruhusu. Agizo likinyamaza, muulize mhandisi anayesaini kabla hujalipa hizo soda mbili. Usibadilishe hata nukta, wala usiongeze nembo ya klabu.

Kibandiko kikishakubalika, kazi ya kukibandika huharibika kwa mambo madogo. Cha zamani kipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha kikwangue kwa kipande cha plastiki. Wembe au bisibisi ukivitumia kwenye bati la alumini utaacha mkwaruzo, na mkwaruzo ndiyo mlango wa kutu na ufa. Mabaki ya gundi yaondoe kwa spiriti ya isopropili, ufute kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka yenyewe, la sivyo mafuta uliyoyayeyusha yatarudi kukaa palepale. Asetoni usiipeleke karibu na dirisha. Madirisha ya ndege hizi ni ya akriliki, na asetoni huyatia nyufa nyembamba kama utando wa buibui ambazo hazitoki tena.

Bandika asubuhi, ndani ya hanga. Bati lililokaa juani mpaka saa saba mchana hukamata gundi papo hapo na huwezi kusogeza tena, mapovu yatabaki. Anza katikati, sukuma kuelekea pembeni. Kama ni kibao cha chuma karibu na dira, tumia skrubu za shaba nyeupe au nyingine zisizovutwa na sumaku, kisha hakikisha dira haijahama.

Tunapaka rangi ndege. Mara mbili zimerudishwa kwetu kwa sababu ya vibandiko. Tunakosea wapi? — Mpiga rangi, Nairobi

Mnakosea kabla ya kushika msasa. Karakana ya rangi na ya viti ndizo zinazopoteza vibandiko vingi kuliko jua na mvua. Ndege huingia na maandishi ya nje mengi, inatoka inang'aa, na hakuna aliyehesabu.

Piga picha kila kibandiko kikiwa mahali pake, pamoja na kitu cha jirani kitakachoonyesha umbali: mstari wa ribiti, ukingo wa mlango, kifuniko cha tangi. Pima kwa rula mahali penye vipimo. Tengeneza orodha, mwenye ndege na mhandisi waisaini, na vibandiko vipya viwe vimefika kabla hamjaanza kuondoa rangi. Baada ya rangi mpya msikimbilie kubandika siku hiyohiyo. Rangi ambayo haijakauka ndani huendelea kutoa mvuke, na mvuke huo huinua plastiki iwe na malengelenge. Fuateni muda uliotajwa na mtengenezaji wa rangi.

Vibandiko viwili vya nje vinataka jicho la pekee. Kimoja ni cha mafuta, tutakieleza chini. Kingine ni kile kidogo kando ya matundu ya hewa tuli, yale yanayopeleka mgandamizo kwenye vipimo vya kimo na mwendo, kinachoonya pasizibwe wala kupakwa rangi. Mnapoziba matundu hayo wakati wa kuosha au kupaka, tumieni kifuniko cha rangi kali chenye utepe mrefu unaoning'inia. Tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya AeroPerú iliruka kutoka Lima usiku ikiwa imeachwa na utepe wa gundi juu ya matundu hayo baada ya kuoshwa. Marubani hawakujua wako juu kiasi gani wala wanakwenda kwa kasi gani. Watu wote 70 walikufa. Utepe wenyewe ulifanana na bati. Ndiyo maana hakuna aliyeuona.

Kazi yangu ni kujaza mafuta kiwanjani. Ndege nyingine maandishi kwenye kifuniko cha tangi yamefutika kabisa. Rubani ananiambia "jaza tu, ni ya bluu". Nifanyeje? — Dodoma

Usijaze. Hilo ndilo jibu, na rubani akinuna na anune.

Cessna 206 na Cessna 208 huegeshwa ubavu kwa ubavu kila siku katika viwanja vyetu, mabawa juu zote mbili. 206 ina injini ya pistoni, inatumia petroli ya ndege, AVGAS. 208 ina injini ya tabo, inatumia JET A-1, ambayo ni jamaa ya mafuta ya taa. Pistoni ikilishwa JET A-1, mafuta hayo hulipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio, na vichwa vya pistoni huyeyuka. Ubaya wake ni kwamba injini huwaka vizuri kwa mafuta mazuri yaliyobaki kwenye mabomba, ndege inatambaa, inaruka, kisha inazima ikiwa juu ya mapaa.

Ndiyo maana kanuni zilizoidhinishia ndege nyingi ndogo zinataka neno AVGAS na daraja la chini la mafuta yanayoruhusiwa viandikwe kwenye mdomo wa tangi au karibu yake. Wino huo huliwa na petroli yenyewe inayomwagika kila unapojaza, kwa hiyo ni kibandiko cha kukaguliwa mara kwa mara kuliko vingine. Kuna kinga ya pili: mdomo wa tangi la petroli hupunguzwa usizidi kipenyo cha milimita 60, na wa mafuta ya jeti usiwe chini ya milimita 75, ili bomba pana la jeti lisiingie. Lakini ndege za zamani nyingi hazina kizuizi hicho, na bomba jembamba la jeti lipo viwanjani.

Rangi ya mafuta inasaidia ila haitoshi. AVGAS 100LL ni ya bluu. JET A-1 haina rangi au ina umanjano kidogo. Mchanganyiko wa hizo mbili bado unaweza kuonekana bluu hafifu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hupotea upesi, mafuta ya jeti huacha duara lenye mafuta. Ukigundua mafuta yasiyo yake yameshaingia, injini isiwashwe, hata ya kujaribu. Mwite mhandisi, matangi na mabomba yote yamwagwe. Kama injini imekwisha kuzunguka, yafuatwe maelekezo ya mtengenezaji wa injini, ambayo ni marefu na ya gharama.

Kwa nini vibandiko vya dharura haviandikwi Kiswahili? Mama yangu hasomi Kiingereza na anapanda ndege ndogo kwenda Pemba. — Zanzibar

Swali la haki. Maneno yaliyoidhinishwa hayaondolewi wala kufunikwa. Kuongeza ya Kiswahili pembeni ni mabadiliko ya ndege, yanahitaji ridhaa ya mamlaka, lakini si jambo lisilowezekana. Njia nyepesi zaidi ni kadi ya usalama mfukoni mwa kiti, pamoja na rubani kumwonyesha mama kwa mkono kabla ya injini kuwaka.

Atakayetafsiri aangalie maneno "mbele" na "nyuma". Kwenye ndege yenye viti vinavyotazamana, mbele ya abiria mmoja ni nyuma ya mwenzake. Andika "kuelekea pua ya ndege" na "kuelekea mkia". Na neno "zungusha" liwe na mshale.

Sisi ni zimamoto wa uwanja. Tumeambiwa kuna ndege ndogo zenye roketi ndani. Ni kweli, na tutazijuaje? — Entebbe

Ni kweli. Cirrus SR20 na SR22 hubeba mwavuli wa kuishusha ndege nzima, na mwavuli huo hutolewa nje kwa roketi. Nje ya kiwiliwili, karibu na mahali roketi inapotokea nyuma ya kabini, kunatakiwa kuwe na kibandiko kinachosema kwamba kuna roketi ya mwavuli ndani na kwamba watu wakae mbali ndege ikiwa na mtu. Zipo ndege nyingine ndogo zilizofungwa mifumo ya aina hiyo, kwa hiyo msiikariri sura ya Cirrus peke yake. Kibandiko kikiwa kimepakwa rangi, mwokoaji atapanda juu ya kifuniko hicho akiwa na msumeno.

Alama mnazozijua ni zile za mahali pa kuvunjia kwenye ndege kubwa: pembe nyekundu au za njano, na pembe zikiachana zaidi ya mita 2 huongezwa vistari vya sentimita 9 kwa 3 katikati. Hizo zinaonyesha mahali pa kukata. Kibandiko cha roketi kinaonyesha kinyume chake.

Mkifika kwenye ajali na mwavuli haujatoka, hesabuni roketi kuwa hai. Msisimame juu wala mbele ya kifuniko chake, na msikate paa kabla ya kujua waya wa kufyatulia unapita wapi. Ndani, darini, kuna mpini mwekundu; asiuguse mtu. Una pini ya usalama yenye kitambaa, ambayo huwekwa ndege ikiegeshwa, lakini baada ya kishindo waya unaweza kuwa umeshakazika, na pini peke yake haitoshi. Mtengenezaji ana mwongozo wa waokoaji wenye michoro ya roketi na waya kwa kila modeli. Uchapeni, muuweke ndani ya gari la zimamoto, si ofisini.